GALA ya Johannesburg: hifadhi yenye inalinda historia ya watu wa LGBT

GALA ni hifadhi ya nyaraka yenye iko ndani ya chuo kikuu cha Witwatersrand, chenye watu wa Johannesburg wanaita kwa kifupi Wits. Ilianza mwaka wa 1997. Kazi yake ni kukusanya, kupanga na kulinda barua, picha, sauti, magazeti na vitu vingine vya watu wa LGBT wa Afrika Kusini. LGBT ni kusema: wanawake wenye wanapenda wanawake, wanaume wenye wanapenda wanaume, wenye wanapenda wote wawili, na watu wenye hawajisikie kuwa wa jinsia yenye waliandikiwa siku ya kuzaliwa.

Musikilizaji wa Bukavu, Goma, Bunia ao Uvira anaweza kuuliza: chuo kikuu kinapata faida gani kwa kulinda barua za mapenzi na picha za karamu za watu wa zamani? Jibu linaanza na swali lingine. Kama watu hao wenyewe hawakulinda makaratasi yao, ni nani aliandika juu yao, na aliandika nini?

Wakati kalamu ilikuwa mukononi mwa wengine

Johannesburg ni muji wenye ulizaliwa na zahabu. Zahabu ilionekana kule mwaka wa 1886, na kisha miaka michache wanaume kutoka Msumbiji, Lesotho, Malawi na sehemu zingine nyingi walikuwa wanafika kuchimba. Walilala ndani ya kambi za wanaume peke yao, mbali na bibi zao na watoto. Mwaka wa 1907, serikali ilipata malalamiko kwamba ndani ya kambi hizo wachimbaji wakubwa walikuwa wanaoa vijana. Kijana alipika, alifua, alilala na mukubwa wake, naye alipata zawadi na ulinzi. Serikali ilituma wakubwa wawili kuchunguza. Walisikiliza mashahidi, wakaandika ripoti, ripoti ikawekwa.

Ripoti hiyo iko mupaka leo, na wanahistoria wanaisoma. Lakini maswali yalikuwa ya wachunguzi, na majibu yaliandikwa kwa kalamu yao. Kama kijana fulani alilazimishwa, ao alikubali juu ya pesa, ao alipenda kweli, karatasi haituambie vizuri. Hakuna barua ya kijana huyo. Hakuna mutu alimuuliza kwa kutaka kumuelewa.

Ikawa vilevile miaka yenye ilifuata. Mwezi wa 1 mwaka wa 1966, polisi walivamia karamu ndani ya nyumba moja ya kartie ya Forest Town, kule Johannesburg, penye wanaume karibu 300 walikuwa wamekusanyika. Habari ilitikisa serikali. Mwaka wa 1968 Bunge liliunda kamati ya kuchunguza, na mwaka wa 1969 sheria ikaongezwa makali. Ilikataza wanaume kufanya tendo lolote la kuamsha tamaa kati yao ndani ya karamu, na karamu ikaelezwa kuwa mahali popote penye kuna watu zaidi ya wawili. Mutu wa tatu akiingia ndani ya chumba, tayari ilikuwa karamu.

Makaratasi ya polisi, ya tribinali na ya Bunge yalibaki. Ya watu wenyewe mengi yalipotea. Mutu alijua kwamba barua moja yenye inaanguka mukononi mwa polisi inaweza kumupotezea kazi, jamaa na uhuru, kwa hiyo alisoma na kuchoma. Na kama hakuchoma yeye, siku anakufa familia inapanga vitu vyake, inakuta picha yenye haielewi ao yenye inawapa haya, inaitupa kwa moto. Hapo historia inabaki ya upande mumoja. Mwenye anasoma makaratasi ya zamani anakutana tu na mushitakiwa, mugonjwa ao mutu wa aibu. Hakutane na mutu mwenye alikuwa anafanya kazi, anapenda, anacheka na anaogopa kama wengine.

Namna GALA ilianza

Mbele ya GALA, kulikuwa SAHA, hifadhi ya historia yenye wapiganaji wa haki walianzisha katika miaka ya 1980, wakati apartheid ilikuwa ingali na nguvu. Waliona hatari: serikali ndiyo inaandika, serikali ndiyo inaweka, serikali ndiyo itachoma. Na kweli ilichoma. Tume ya Ukweli na Upatanisho ilieleza kisha kwamba mwaka wa 1993, ndani ya miezi sita mupaka nane tu, makao makuu ya idara ya ujasusi yaliharibu karibu tani 44 za makaratasi na filamu. Hiyo ni idara moja tu. Kwa mwenye hawezi kuwaza tani 44, awaze malori yenye kujaa karatasi, moja nyuma ya ingine, yakienda kwenye tanuru.

GALA ilizaliwa ndani ya SAHA mwaka wa 1997. Wakati ulikuwa wa pekee. Mwaka mumoja mbele, Afrika Kusini ilikuwa imepitisha Katiba yake mupya. Kifungu cha 9 kinakataza kubagua mutu kwa sababu ya rangi, dini, jinsia na mambo mengine, na kati ya hayo kinataja pia mwelekeo wa mapenzi. Inchi hiyo ilikuwa ya kwanza duniani kuandika jambo hilo wazi ndani ya Katiba. Watu walikuwa wameanza kusema bila kujificha, lakini wengine walikuwa wanakufa na SIDA, na kila mwenye anakufa anaenda na habari zake. Kukusanya kulikuwa kazi ya haraka.

Nkoli: makaratasi ya namna mbili

Kati ya hazina zenye GALA inalinda kuna makaratasi ya Simon Nkoli. Alizaliwa Soweto mwaka wa 1957. Alikuwa kijana mwenye kupigania haki za Weusi ndani ya kartie za Vaal, kusini ya Johannesburg, na alikuwa pia mwanaume mwenye kupenda mwanaume, na hakuficha. Mwaka wa 1984, watu wa Vaal walikataa kupandishwa kwa bei ya kupanga nyumba. Machafuko yakaanza, watu wakauawa. Nkoli akakamatwa. Yeye na wenzake 21 walishitakiwa uhaini, kosa lenye lingeweza kuwaleta kwenye kamba. Kesi hiyo inajulikana kwa jina la muji mudogo wenye ilianzia: Delmas.

Gerezani, wenzake walijua kwamba yeye ni shoga, kama watu wengi wanavyosema. Wengine walikasirika. Waliogopa kwamba serikali itatumia jambo hilo kwa kuchafua kesi yote, na wengine walitaka ahukumiwe peke yake. Mabishano yalidumu. Mwishowe walibaki pamoja. Mwaka wa 1988 tribinali ilimuona Nkoli hana kosa. Kati ya washitakiwa wenzake, Popo Molefe na Mosiuoa Lekota walikuja kuwa wakubwa wa majimbo mwaka wa 1994, na Lekota akawa kisha waziri wa ulinzi. Lekota alieleza wazi kwamba kuishi na Nkoli gerezani kulibadilisha mawazo yao. Mutu mwenye alibeba muzigo pamoja nao, wangewezaje kumuacha inje ya haki siku ya kuandika Katiba?

Tuangalie sasa makaratasi. Maktaba ya William Cullen, kulekule Wits, ina sehemu ya nyaraka za historia, na ndani yake mumewekwa makaratasi ya kesi ya Delmas: mashitaka, ushahidi, maneno ya avoka na ya mwamuzi. Ukisoma hayo tu, unaona mushitakiwa mumoja kati ya 22. Lakini chuo kikuu kilekile kina pia barua zenye Nkoli aliandikia mupenzi wake toka gerezani. Aliziandika akijua kwamba askari wa gereza wanazisoma mbele ya kuzituma. Ndani ya barua hizo mushitakiwa anakuwa mutu: anangojea habari, anahangaika, anauliza juu ya marafiki. GALA ilizitoa zikawa kitabu. Mwanafunzi anaweza kuweka sanduku moja pembeni ya lingine na kusoma miaka ileile mara mbili, mara moja kwa mudomo wa serikali, mara moja kwa mukono wa Nkoli mwenyewe.

Hifadhi haifichi pia mambo yenye kuumiza ndani ya kundi hilohilo. Wakati Nkoli alikuwa gerezani, chama kikubwa cha mashoga wa wakati huo, GASA, chenye wanachama wake wengi walikuwa Wazungu, hakikutaka kumutetea. Kilisema hakifanye siasa. Mwaka wa 1987 chama hicho kiliondolewa ndani ya muungano wa dunia nzima wa vyama vya namna hiyo. Rangi ilikuwa imegawanya hata watu wenye sheria moja ilikuwa inawafuata.

Alipokuwa huru, mwaka wa 1988, Nkoli na wenzake walianzisha chama cha GLOW, chenye kilipokea Weusi na Wazungu. Tarehe 13 mwezi wa 10 mwaka wa 1990, yeye na Beverley Ditsie, msichana wa Soweto, pamoja na wengine, walipanga maandamano ya kwanza ya namna hiyo Johannesburg. Watu karibu 800 walitembea. Wengine walivaa mifuko ya karatasi kichwani, wakatoboa matundu ya macho, ili wazazi, mabosi na majirani wasiwatambue. Picha za siku hiyo zinaonyesha mambo mawili kwa mara moja: uhodari wa kutoka, na hofu ya kuonekana.

Nkoli alikufa na SIDA tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka wa 1998. Wakati huo dawa zilikuwepo, lakini bei ilikuwa ya matajiri. Siku kumi tu nyuma ya kifo chake, chama cha TAC kilianzishwa kwa kudai dawa kwa kila mugonjwa, na mapigano yake yalisaidia wagonjwa wa SIDA wa kila namna, bibi wa kijiji na muchimbaji wa mugodi. Miaka minane kamili nyuma ya kifo hicho, tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka wa 2006, sheria ya kuruhusu watu wa jinsia moja kuoana ilianza kutumika Afrika Kusini, ya kwanza ndani ya Afrika.

Kewpie wa District Six

Si kila sanduku ni la siasa. Cape Town ilikuwa na kartie yenye jina District Six, ya watu wa rangi na dini nyingi, maskini na yenye makelele ya maisha. Mwezi wa 2 mwaka wa 1966 serikali ilitangaza kwamba kartie hiyo ni ya Wazungu peke yao. Watu zaidi ya 60 000 waliondolewa, nyumba zikabomolewa.

Kule kulikuwa na mutengenezaji wa nywele mwenye jina Kewpie. Alizaliwa na mwili wa mwanaume, lakini aliishi, alivaa na alicheza kwa jukwaa kama mwanamuke, yeye na kundi la marafiki. Kiswahili hapa hakina shida: kusema "yeye" kunatosha. Majirani walimujua na walikuja kwake kupendezwa nywele. Kwa miaka mingi Kewpie alilinda picha: saluni, karamu, matembezi ya baharini, marafiki barabarani wakiwa wamevaa vizuri. Ziko mamia, na ziko sasa GALA. Mwaka wa 2018, GALA na makumbusho ya District Six walizionyesha kwa watu wote, miaka sita nyuma ya kifo chake.

Faida ya picha hizo inapita jambo la LGBT. Kartie yenyewe haiko tena. Nyuma ya Kewpie na marafiki zake tunaona barabara, maduka, madirisha, watoto wenye wanapita. Mutoto wa familia yenye ilifukuzwa District Six anaweza kuangalia picha ya Kewpie na kuona pale bibi yake alikuwa anaishi.

Namna kazi inafanyika

Kazi ya hifadhi ni ya uvumilivu. Mutu ao familia inaleta vitu. Kwanza wanaandikiana mapatano: nani mwenye vitu, nani anaweza kuviona, na toka lini. Jambo hili ni la lazima, kwa sababu barua ina watu wawili, na picha inaweza kuwa na watu kumi. Mwenye anatoa amekubali, lakini wale wengine? Kwa hiyo makaratasi fulani yanafungwa kwa miaka, na majina fulani yanafichwa.

Kisha vitu vinasafishwa, pini na vyuma vyenye kutu vinatolewa, karatasi zinawekwa ndani ya bahasha na masanduku ya karatasi isiyo na asidi, ili zisigeuke manjano na kuvunjika. Orodha inaandikwa, sanduku kwa sanduku. Mwenye anakuja kusoma anaacha mufuko inje, hakule, hakunywe, na anaandika na kreyo, hapana biki, juu wino ukidondoka hautoke tena.

Lakini watu wengi hawakuandika kamwe. Kwao GALA inatumia kinasa sauti: inawauliza, inawaacha waseme kwa lugha yao, inaweka. Kwa viziwi hata sauti haitoshe, kwa sababu lugha ya ishara inaishi ndani ya mikono na uso. Hao wanarekodiwa kwa video. Kwa njia hii ya kuuliza na kusikiliza kilitoka pia, mwaka wa 2005, kitabu juu ya wanawake wenye kupenda wanawake, chenye utafiti wake ulifanywa na wanawake wa Afrika wenyewe, pamoja na wa Kenya, Tanzania na Uganda.

Maelezo hayo ni jibu kwa neno lenye linasikika mara nyingi, kwamba mambo haya yaliletwa na Wazungu. Hifadhi haibishane. Inaonyesha makaratasi: mugodi wa 1907, Soweto, Vaal, District Six. Msomaji anapima mwenyewe.

Mipaka na hatari

Sanduku halilinde mutu. Mwaka wa 2008, Eudy Simelane, mwenye aliwahi kucheza ndani ya timu ya taifa ya wanawake ya Afrika Kusini na mwenye alijulikana kuwa anapenda wanawake, aliuawa KwaThema, mashariki ya Johannesburg. Katiba ilikuwepo, sheria ya ndoa ilikuwepo. Kati ya karatasi na barabara kuna mwendo murefu.

Na makaratasi yenyewe yanaweza kufa. Wits ilijifunza mapema: tarehe 24 mwezi wa 12 mwaka wa 1931 moto ulichoma maktaba yake, na jengo la William Cullen, lenye lilifunguliwa mwaka wa 1934, lilikuja nyuma ya musiba huo. Mwezi wa 4 mwaka wa 2021, moto wa mulimani ulishuka ukachoma maktaba ya Jagger ya chuo kikuu cha Cape Town, na sehemu kubwa ya vitabu na nyaraka za Afrika.

Kuna pia hatari ya sheria. Kwa majirani zetu wa Burundi, toka mwaka wa 2009 sheria ya makosa inaazibu mapenzi ya watu wa jinsia moja. Uganda, sheria ya mwaka wa 2023 inaenda mbali zaidi, inaazibu hata kile inaita kutangaza jambo hilo. Mahali pa namna hiyo, orodha nzuri ya majina inaweza kugeuka orodha ya kukamata watu. Swali la kila mwenye hifadhi ni: kulinda habari bila kumuza mutu.

Huku Congo, sheria ya makosa haitaje mapenzi ya watu wa jinsia moja. Katiba ya mwaka wa 2006, kifungu cha 40, inasema ndoa ni ya watu wa jinsia mbili tofauti. Kati ya hayo mawili, watu wanaishi, mara nyingi kwa kunyamaza, na barua zao zina njia ileile ya moto.

Kwa upande wa makaratasi, wakaaji wa mashariki hawana haja ya kuelezwa sana. Siku ya kukimbia vita, mutu anaweka ndani ya mufuko kadi ya uchaguzi, diplome za watoto na karatasi ya parsele. Hizo ndizo serikali itauliza. Picha ya arusi ya babu, barua za marehemu mama, daftari la nyimbo za kikundi vinabaki ndani ya nyumba, na nyumba inaporwa. Kisha miaka makumi mawili, mwanahistoria atakuta ripoti za majeshi na za mashirika, na hesabu za wakimbizi. Atajua watu walikuwa wangapi. Kujua walikuwa nani, atahitaji kitu chenye mumoja wao aliandika, na chenye mutu mwingine alikubali kuweka.